Busi, bizi, na mzee anayehesabu malori

Likizo iliyoisha juzi mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa na mimi hapa Busia, upande wa Uganda. Yuko P6, darasa la sita la msingi. Alikuja na begi moja la nguo na ile holidei pakeji, mnaijua, ule mrundo wa karatasi za maswali ambao shule zetu zinawapa watoto wakifunga, mtoto anaenda likizo afu wewe mkubwa ndo unarudi darasani. Mimi nina kibanda cha mobail mani karibu na stegi ya boda, asubuhi watu wanakuwa wengi sababu ya wale wanaovuka kwenda upande wa Kenya kutafuta riziki, kwa hiyo nilimkalisha kwenye benchi nyuma yangu nikamwambia soma kwa sauti, nakusikia hata kama sikuangalii. Akasoma. Kiingereza chake si kibaya, mimi nilivyokuwa P6 sikuwa nacho hata nusu. Ila akafika kwenye sentensi moja ya mama aliyekuwa busy jikoni, akaisoma "busi". Busi, kama Busia iliyokatwa mkia.

Wateja wakaangua kicheko. Kijana mmoja wa boda aliyekuwa anatoa hela akamwambia, "We kijana, hiyo ni bizi." Mtoto akaangalia karatasi, akamwangalia yule wa boda, akanigeukia mimi.

"Anti, sasa i iko wapi hapa?"

Iko wapi kweli. B, u, s, y. Neno nimelitumia maisha yangu yote, nimekatalia vikao vya harusi nalo, nimekatalia simu za watu wanaotaka niwakopeshe floti, na sijawahi hata siku moja kujiuliza kwa nini halisomeki lilivyoandikwa. Nikamjibu vile watu wazima tunajibu tukishikwa pabaya: "Anti yuko bizi, ngoja jioni."

Jioni akangoja. Watoto hawasahau ahadi ya namna hiyo, wanasahau tu ukiwatuma chumvi.

Basi usiku ule nikishafunga hesabu nikakaa na simu nikaanza kusoma, nikidhani ni mambo ya dakika tano, nikalala saa saba. Ilikuwa hivi. Kwenye Kiingereza cha kale neno lenyewe lilikuwa bisig au bysig, na ile y yao ilikuwa sauti ambayo sisi hatuna, kama mtu anataka kusema i huku midomo ameikunja ya u (jaribu, utafanana na mtu anayepuliza chai ya moto). Kadiri miaka ilivyokwenda sauti hiyo ikagawanyika kila mkoa na yake. Watu wa magharibi mwa Uingereza wakabaki nayo muda mrefu na waandishi wao wakaiandika kwa u, wakifuata desturi ya Kifaransa. Watu wa katikati ya nchi, ule upande wake wa mashariki, wakaisema i, na London nayo ikaishia huko. Watu wa Kent, kule chini kusini-mashariki, wakaisema e. Sasa maandishi yalipoanza kutulia, hili neno likachukua herufi za magharibi na mdomo wa mashariki, na limebaki hivyo mpaka linakuja kumsumbua mtoto wa P6 kwenye benchi langu. Lina mwenzake, bury, kuzika, ambalo linaandikwa kwa u ya magharibi na linasomwa kwa e ya Kent. Huyo mwenzake naye atamtesa mtoto, ila hiyo ni likizo nyingine.

Mimi mtu wa mpakani hayo hayakunishtua hata kidogo. Hapa kwetu gunia la sukari linaweza kuwa na maandishi ya upande mmoja na sukari ya upande mwingine na chai inakolea vilevile. Nilimweleza mtoto hivyohivyo asubuhi na alielewa mara moja, kuliko ningeanza na Kent, ingawa nilimwonya mfano huo asiuandike kwenye pakeji.

Ningeishia hapo ningekuwa nimelala mapema. Shida ni kwamba nilikuwa nimeshasoma mbele.

Si unajua leo mtu akisema niko bizi ni kama anajisifu. Bizi ana hela, ana mipango, anatafutwa, simu yake haishi kuita. Mtu akikuuliza habari za siku nyingi unajibu "tuko bizi tu" na unatamka kama mtu aliyenunua kiwanja. Na si ugonjwa wa juzi, karne ya 14 mshairi wao Chaucer alishamchora mwanasheria mmoja ambaye hapakuwa na mtu bizi kama yeye popote, na bado alionekana bizi kuliko alivyokuwa. Miaka 600 na zaidi, na huyo mwanasheria ninamjua, anapita hapa kila Ijumaa na simu mbili sikioni.

Kumbe bisig ya mwanzo ilikuwa na wasiwasi ndani yake. Ilikuwa mtu mwenye mambo mengi ya kufanya, na palepale mtu mwenye mashaka, na nomino iliyotembea nayo ilimaanisha taabu, dhiki. Kitenzi ndo kabisa. Maana neno hili lina kitenzi tangu zamani, bisgian, ambacho Waingereza wa leo wanakitumia hasa mtu akijifanyia mwenyewe, kujishughulisha, kuitafutia mikono kitu cha kushika ili akili isikimbie. Zamani ukimfanyia mtu kitenzi hicho ulikuwa umempa kazi, au umemchosha, au umemtesa, yote kwa neno moja, na msikilizaji aamue mwenyewe ni lipi.

Hata business! Hiyo ni busy na mkia wake tu, ule mkia wa kugeuza sifa kuwa nomino, ni kama sisi tungesema "ubizi". Kwa watu wa Northumbria, kaskazini huko, miaka 1000 na kitu iliyopita, neno hilo lilikuwa wasiwasi, moyo usiotulia juu ya jambo. Halikuwa na duka ndani yake, halikuwa na risiti. Duka liliingia polepole na lilipoingia likatanua miguu, mpaka ilipofika karne ya 19 watu wakajikuta wanahitaji neno jingine la ile hali ya kuwa bizi, wakaliunda upya, busyness, na y yake imesimama katikati. Yaani biashara ilimfukuza mwenye nyumba na mwenye nyumba akaenda kupanga chumba uani kwake mwenyewe.

Sisi biashara yetu tumeitoa kwa Waarabu, ni bai na shiraa zimeunganishwa, kuuza na kununua, basi, hakuna aliyesema chochote kuhusu moyo. Lakini mimi ninayeshinda kwenye kibanda naangalia floti inavyoshuka, afu mtandao unakwama na mteja ananikazia macho anasema hela haijafika, mimi nasimama na watu wa Northumbria.

Ukoo wa hilo neno ni mdogo ajabu. Waholanzi wana bezig, Makaburu wa Afrika Kusini wana besig, kuna na lahaja za Kijerumani za kule kaskazini, mlango unafungwa. Kilatini hakilijui, Kigiriki hakilijui. Neno yatima, na sasa liko kwenye mdomo wa kila konda wa teksi Afrika Mashariki.

Niliponyanyuka kitandani nikakaa ni nilipofika kwa Martha. Mnamkumbuka Martha wa Luka 10, Yesu amekuja nyumbani, Mariamu amekaa chini anasikiliza, Martha ndiye anapika. Ile Biblia ya Kiingereza ya wafuasi wa Wycliffe, ya mwishomwisho wa karne ya 14, inasema Martha bisiede, ndo kitenzi chetu chenyewe hicho, na mstari unaofuata Yesu anamwambia wewe Martha ni bisi. Sasa fungua Biblia yetu, Union Version, palepale: Martha alikuwa akihangaika kwa utumishi mwingi, na Yesu anamwambia "unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Kuhangaika. Kusumbuka. Mfasiri wa Kiswahili na yule wa kale hawajawahi kukaa meza moja, lakini wote wawili walimwona mwanamke yuleyule jikoni anagongana na sufuria. Na kwenye pakeji ya mtoto, mama aliyekuwa busy jikoni. Hajatoka jikoni tangu wakati huo, maskini.

Kiswahili chetu nacho si malaika, msidhani nakitetea. Shughuli tumeipata kwenye shughl ya Kiarabu, kazi, na kwenye Kiswahili imezaa watoto wa kila tabia. Kushughulika, sawa. Shughuli, sherehe, watu wa Tanzania wanasema shughuli ni watu, nzuri tu. Ila njoo kwenye kushughulikia. Nenda ofisi yoyote na karatasi yako, mtu anaipokea, hata haisomi, anakuambia "tutalishughulikia", ukisikia hivyo tafuta boda urudi nyumbani kwa sababu hilo jambo limekufa. Afu kuna ile nyingine, ile tuliyokua nayo sisi, "nitakushughulikia", na hiyo haitaki karatasi.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mzee wangu. Baba alikuwa polisi, kwa hiyo tumekulia baraksi, kwenye vile vijumba vya bati vya duara vinavyoitwa mama ingia pole, maana mlango ni mfupi na usipoingia pole unaacha paji la uso nje. Jirani wa kulia Mteso, wa kushoto Mlugbara, mbele Muacholi, sisi Wasamia, na watoto wote lugha yetu moja Kiswahili. Ndiyo maana mimi nawaandikia hivi na si kwa Kiluganda. Watu wa Kampala wa rika langu ukiwasemesha Kiswahili mkono unaenda kwenye pochi wenyewe bila kuamrishwa, kwao kilikuwa lugha ya mwanajeshi na mwizi, na kwa yale waliyoyaona miaka ya sabini na themanini siwalaumu, mtu aliyepandishwa lori la "panda gari", ile misako ya wanajeshi, hawezi kuona haya maneno mawili kama somo la lugha. Amin alikifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, nadhani hiyo nayo haikukisaidia. Siku hizi kiko kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili, tangu 2005, na mtoto wa kaka yangu shuleni kwao wanakifundisha. Mzee alipoambiwa hivyo alisema, "Na nani anawafundisha, mwizi au mwanajeshi?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa mdomo wa mzee "nitakushughulikia" ilikuwa na maana mbili na ulizijua kwa nyusi. Nyusi zikiwa chini, kalamu mpya inakuja mwisho wa mwezi. Nyusi zikiwa juu, kimbia kwa mama.

Na kazi yake kubwa enzi hizo, hivi anavyosimulia mwenyewe, ilikuwa kukamata watu wasio bizi. Kuna kosa ambalo hata bibi asiyejua neno jingine la Kiingereza alilijua kwa jina, idle and disorderly, watu wakalifanya neno moja refu, mtu anakuambia kijana wangu yuko ndani kwa aidolandisodali. Unasimama kona usiku, huna kazi inayoeleweka, panda gari. Sheria yenyewe si yetu, Waingereza waliitunga kwao mwaka 1824, vita vya Napoleon vimeisha, askari wamerudi hawana kazi wamejaa barabarani, ikaandikwa sheria ya wazururaji yenye watu wa aina hiyo, idle and disorderly, na wengine, rogue and vagabond. Maneno hayohayo yakasafiri na wakoloni yakaingia kwenye sheria yetu ya makosa ya jinai ya mwaka 1950, na yakabaki bendera ilipobadilishwa. Kipengele kimoja kilikuwa kinamnasa mtu anayeshukiwa ambaye haonekani anaishi kwa nini na hawezi kujieleza vizuri. Hebu fikiria. Uganda hii! Nani hapa anaweza kueleza vizuri anaishi kwa nini? Mimi mwenyewe nauza floti, nyanya, na nguo za mtumba wikendi, niulize ghafla uone nitakavyobabaika.

Kaka yangu, baba wa huyu mtoto, yalimkuta. Alikuwa kijana, mji siutaji, amesimama chini ya mti anamngoja rafiki yake aje na pikipiki. Akaulizwa unafanya nini hapa. Akasema nangoja. Unangoja nini? Nangoja mtu. Kungoja si kazi, akalala ndani siku mbili. Mtoto wa polisi. Mzee alienda kumtoa na mama anasema njia nzima kwenye basi hakuna aliyefungua mdomo, walishuka, mzee akamnunulia chapati mbili na mayai, akamwambia "kula", ndo ikawa mwisho wa mazungumzo. Mpaka leo hawajawahi kuizungumzia.

Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta viwili katika vile vipengele vya rogue and vagabond, hicho cha mtu asiyeweza kujieleza na kile cha kukutwa unarandaranda mahali na saa za kutilia shaka. Niliisikia redioni nikiwa na mzee. Hakusema kitu. Aliongeza sauti kidogo, ndo hivyo tu.

Nirudi kwa maneno, maana idle nayo niliifuata usiku uleule. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa tupu, isiyo na kitu, kabla haijawa uvivu. Mtawa mmoja, Ælfric, alipotafsiri Mwanzo yapata mwaka 1000 alisema dunia pale mwanzo ilikuwa idel na tupu, ile ya kwetu "ukiwa, tena utupu". Kwa hiyo dunia yenyewe ilianza ikiwa idle, na hakuna aliyeipandisha gari. Na empty, hapo nilicheka peke yangu gizani mtoto akageuka kitandani, empty ilianzia kwa watu kabla ya kuhamia kwenye chupa na magunia. Ilikuwa mtu mwenye nafasi, asiye na shughuli wakati huo, hata mtu ambaye hajaoa walimwita hivyo. Mtu aliyekaa kivulini amemaliza shamba lake, huyo alikuwa empty, na haikuwa tusi. Sasa linganisha na yule bizi mwenye dhiki. Ukimrudisha Mwingereza wa miaka ile umwambie chagua, bizi au empty, nadhani anachagua kivuli.

Afu sikilizeni hii, sikuipanga mimi: kule Liverpool mitaani polisi wanaitwa bizzies. Wenye bizi wanakamata wasio na bizi. Nilimtafsiria mzee asubuhi akaniangalia kama mtu aliyeongezewa mshahara akiwa tayari amestaafu.

Mtu ataniuliza, kwani Waingereza hawana neno la adabu zaidi, si kuna occupy? Lipo, ila msilifuate sana mbele ya watoto. Mizizi yake ni Kilatini, kushika, kuteka, ndiyo maana jeshi likikaa kwenye mji wa watu ni neno hilohilo linalotumika kwa mtu aliyekaa chooni amefunga mlango. Karne ya 16 na ya 17 lilipata maana ya chumbani, ya mambo ya watu wawili, mpaka wenye heshima zao wakaanza kulikwepa, na Shakespeare ana mwanamke mmoja kwenye mchezo wake analalamika kwamba lilikuwa neno zuri sana kabla halijapata marafiki wabaya. Lakini watafsiri wa Biblia ya King James, 1611, kwenye ule mfano wa mafungu kumi ya fedha, walimpa bwana wa wale watumwa aseme "Occupy till I come." Yetu inasema "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Nilimsomea mama mmoja mteja wangu ambaye ni mzee wa kanisa, nikamweleza na ile maana nyingine, akaniambia nitaombewa, afu akavuta kiti akasema rudia tena polepole.

Kuna kitu kimoja lakini Waingereza hawana na Kiswahili hakina hivyohivyo, nacho kiko kwa Waganda, na hata sisi wa huku mashariki tumekichukua. Gyebale ko. Unampita mtu analima, gyebale ko. Yuko dukani, gyebale ko ssebo, gyebale ko nnyabo. Ni salamu, ila ndani yake ni asante, asante kwa kazi, na ndo imewatia wageni kizunguzungu wakija hapa wakisikia Mganda anawasalimia kwa Kiingereza "well done" na wao hawajafanya chochote, wameshuka tu kwenye gari. Kiswahili tuna "pole na kazi", tamu, inakubaliana na Northumbria kwamba kazi ni mzigo, lakini pole unampa mtu unayemwona anabeba. Gyebale ko haikagui. Unaweza kuwa umekaa kibarazani umekunja mikono unaangalia kuku, mtu akapita akakushukuru kwa kazi, na unaitikia, bila maswali unafanya nini hapa, unangoja nani.

Mzee alistaafu miaka mingi sasa, mama alitangulia, anakaa na mimi. Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Mtu aliyezoea kupanda zamu alfajiri, unampa kiti cha plastiki na redio. Alikuwa anatoka kibarazani na viatu vimepigwa rangi, anakaa, anarudi ndani, anatoka. Watu wakipita wakisema mzee gyebale ko anaitikia kwa sauti ya chini kama mtu aliyepewa hela isiyo yake. Nilimwambia pumzika, umefanya kazi vya kutosha, akaniambia, "Mtu anayepumzika mchana kutwa mimi nilikuwa najua namwandikia kosa gani." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Afu siku moja akaniomba daftari. Daftari la shule, la kurasa 96, nikadhani anataka kuandika madeni ya watu. Kumbe ni malori. Nyumba yetu inaangalia barabara inayotoka mpakani, na malori yanayotoka upande wa Mombasa kwenda Kampala na mbele, Rwanda, Congo, yanapita hapo, hasa tangu kile kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa 2018. Mzee akapiga mistari kwa rula. Safu ya kwenda, safu ya kurudi, safu ya tenka za mafuta peke yake, safu ya makontena, na safu moja ya mwisho aliyoiandika "mengineyo" ambayo ina trekta mbili na siku moja ngamia. Anaanza saa moja asubuhi. Saa saba anakula, na wakati anakula mtu mwingine lazima akae. Jioni anajumlisha, anapiga mstari chini, anasaini. Anasaini! Nilimuuliza siku moja baba haya mahesabu unampelekea nani, nyusi zikapanda juu, nikarudi jikoni.

Yako madaftari kumi na moja kabatini.

Nilikuwa naona haya kidogo, lazima niseme ukweli. Mtu akija nyumbani nilikuwa nasema mzee anajipitishia muda tu. Usiku ule nimesoma kile kitenzi, mtu kujishughulisha mwenyewe, mikono ipewe kazi kabla wasiwasi haujaifikia, nikafikiria lile daftari lenye rula, nikanyamaza.

Likizo ilipokaribia kuisha mtoto akabakiza ukurasa wa mwisho wa Kiingereza, tunga sentensi kwa maneno haya, na la nne lilikuwa busy. Alienda kukaa na babu yake kibarazani na karatasi, nikadhani anaenda kuuliza. Niliporudi nikaikuta ameijaza. Ameandika kwa Kiingereza kwamba babu yake anajibizisha na malori. Alilitumia kama kitenzi kabisa, ambalo hata mwalimu wake sidhani alilitegemea, ila y ya mwisho ameigeuza i pasipotakiwa na nilikuwa nimeshika penseli niisahihishe, nikatafakari bisiede ya akina Wycliffe, nikaiacha na i yake. Alikuwa anaitafuta tangu siku ya kwanza.

Nikatoka nje kuwaita waje kula. Mtoto ndiye ameshika daftari, babu anamwambia "tenka, kwenda, moja", mtoto anaweka kijistari. Jirani akapita na baiskeli yake akapunguza mwendo, "Mzee, gyebale ko!"

Mzee akainua kidole kumwambia ngoja, maana kulikuwa na lori jingine linakata kona.